Muziki wa karamu ya harusi yenye makabila matatu na vizazi vinne: tuanze na wimbo upi, tumalize na upi?

Mwanzisha uzi, Jinja

Ndugu wanajukwaa, natanguliza salamu na heshima kwa wakubwa wote.

Mdogo wangu anafunga ndoa Jumamosi ya pili ya Desemba hapa Jinja, na katika mkutano wa kamati wa juzi nimekabidhiwa muziki. Mapambo yamepata mwenyewe, chakula kimepata mwenyewe, keki ameibeba shangazi, nami nikaachiwa jambo ambalo kila mtu huliona jepesi mpaka siku linapoharibika mbele ya macho yake. Ukumbi tumeukodi kuanzia saa 10:00 jioni hadi saa 6:00 usiku, na kadi zilizokwisha kugawiwa ni 300.

Baba yetu ni Mgisu wa Mbale, mama ni Msamia wa Busia, na sisi wenyewe tumezaliwa na kukulia Walukuba, katika zile nyumba zilizojengewa wafanyakazi wa viwanda, ambako watoto wa kila kabila tulikutana uwanjani na kuelewana kwa Kiswahili. Bibi harusi ni Mnyankole wa Mbarara, na ukoo wake unakuja na basi zima. Miongoni mwa wageni wamo wazee waliokwisha kuwa watu wazima Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, na wamo watoto wa shule ya msingi. Wamo pia rafiki za mdogo wangu wa chuo kikuu, ambao tayari wamenitumia orodha ya nyimbo 60, zote za miaka miwili hii, na nyingi ni amapiano, ule muziki wa dansi wa Afrika Kusini.

Kinachonikosesha usingizi ni harusi ya jirani yetu niliyohudhuria mwaka jana. Mpiga muziki aliwafungulia vijana uwanja tangu saa 1:00 usiku, kwa sauti iliyotikisa glasi mezani. Nyanya mzaa baba wa bwana harusi, aliyeshonewa gomesi mpya, lile gauni refu la heshima la akina mama wa Uganda, kwa ajili ya siku ile, aliketi muda wote amejiziba masikio kwa viganja, na ilipofika saa 3:00 akashikwa mkono kupelekwa garini bila kucheza hata hatua moja. Nyanya yetu sisi ana miaka 84. Sitaki atoke ukumbini namna ile.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie: muziki upangwe vipi, na ni nyimbo zipi za kuepuka?

Mchangiaji, Mbale

Ndugu yangu wa Jinja, hongereni kwa kupata harusi. Nimepiga muziki kwenye karamu za harusi Mbale, Tororo na Soroti kwa miaka 14, nami nitakujibu kwa urefu, kwa sababu swali lako ndilo ninalotamani kila kamati iniulize kabla ya kuniuliza bei.

Ile orodha ya vijana iweke kando kwanza. Orodha ya kuanzia ni ya wageni. Mwombe katibu wa kamati daftari la kadi, uketi na mama yako pamoja na mtu mmoja wa upande wa bibi harusi, ikiwezekana shangazi yake, mpitie jina kwa jina mkijiuliza mambo mawili tu: huyu hucheza muziki gani, na huyu ataondoka saa ngapi. Swali la pili ndilo linalosahauliwa mno, na ndilo lililomponza yule nyanya wa jirani yako. Vijana wana usiku kucha, ilhali wazee wana saa moja na nusu au mbili baada ya keki kukatwa, na wenye safari wana muda mfupi kuliko huo. Kutoka Jinja hadi Mbarara ni zaidi ya kilomita 300. Ikiwa basi lile linarudi usiku huohuo, jua kwamba wageni wako wa upande wa pili wataanza kutazama saa kabla hujafika katikati ya orodha yako.

Kwa hiyo muziki wa wazee haupaswi kuwa kiporo cha kurushwa pale vijana wanapochoka. Uanze mara tu keki inapokatwa, watu wakiwa wameshiba na hotuba zimekwisha. Kwa wazee wetu wa Uganda, zilipendwa ni mambo mawili: vibao vya nyumbani na rumba la Kikongo. Vya nyumbani hutakosea ukianza na marehemu Elly Wamala, kisha ukaingia Afrigo, bendi ya Moses Matovu mpuliza saksafoni, iliyoanzishwa mwaka 1975 na ambayo watu wazima wa leo walichumbiana wakiisikiliza. Na kwa kuwa harusi yenu ni ya Desemba, usimsahau Philly Lutaaya. Nyimbo zake za Krismasi husikika nchini kote kila mwaka mwezi huo, na nimeona watu wa rika zote wakiimba pamoja naye tangu neno la kwanza bila kuombwa na mshereheshaji.

Kuhusu rumba la Kikongo, hapa naomba usome polepole, kwa maana wapiga muziki wengi wa siku hizi huliua wasijue. Wimbo wa Kikongo wa zamani una vyumba viwili. Katika chumba cha kwanza mwimbaji anasimulia, magitaa yanatiririka taratibu, wenye umri wanasimama wawiliwawili wakisakata rumba kwa hatua fupi. Kisha mdundo unabadilika, gitaa la solo linaanza kurudia kipande kimoja kifupi tena na tena, na hapo ndipo sebene linapoingia na viuno vinapofunguka. Wimbo mzima unaweza kuchukua dakika nane, kumi, hata zaidi. Kijana asiyeujua huona dakika ya tatu bado watu wanatembea tu uwanjani, anapata wasiwasi, anaukata na kuweka mwingine. Amewanyang'anya wazee kile walichokuwa wakikingoja. Ukiona muda hautoshi, basi usiukate mwishoni, bali uingie karibu na sebene. Au chukua nyimbo za Kanda Bongo Man, aliyepata umaarufu kwa kuupunguza ule mwanzo wa polepole na kuwafikisha watu kwenye dansi mapema.

Sasa ngoma za asili, ambazo kwako ni jambo zito kwa kuwa unaunganisha Bugisu na Ankole. Kadodi ya Wagisu ni ngoma ya njiani. Wapigaji huzivaa ngoma mabegani na kutembea nazo, na wachezaji hutembea pamoja nao. Ndiyo maana katika msimu wa imbalu, yaani tohara ya Wagisu, unaofunguliwa Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili pale Mutoto karibu na Mbale, utaiona barabarani ikipita kijiji hata kijiji. Ukiipiga kadodi ndani ya ukumbi uliojaa meza, umeifunga kamba miguuni. Itumie kuwaingiza maharusi kutoka getini, au kuwaleta wageni wenye zawadi. Ekitaguriro cha Wanyankole ni kinyume chake kabisa: mchezaji hukanyaga ardhi kwa nguvu palepale alipo huku ameinua mikono juu kama pembe ndefu za ng'ombe wa Ankole, wengine wakiimba na kupiga makofi. Hiki kinahitaji nafasi iliyotulia katikati ya ukumbi na watu waliozunguka. Kadodi huchezewa kiuno, ekitaguriro huchezewa mikono na miguu, na ukizifuatanisha bila pumziko, upande mmoja utahisi umeitwa kuja kutazama harusi ya wenzao. Weka baina yake wimbo unaochezwa na pande zote mbili.

Jambo dogo la ufundi. Kabla ya siku yenyewe, chukua saa, hesabu mapigo ya kila wimbo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa nne. Amapiano nyingi zitakupa kati ya 110 na 115 kwa dakika, na sebene nyingi huvuka 120. Panga nyimbo ili mapigo yapande kidogokidogo na yashuke kidogokidogo, kwa sababu mwili wa mtu wa miaka 60 hauwezi kurushwa kutoka rumba la taratibu hadi sebene kali na kurudishwa tena ndani ya dakika tano. Atakwenda kuketi, na akishaketi, kumwinua tena ni kazi.

Mchangiaji, Bombo

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Mimi ni mama wa watu wazima, Mnubi wa Bombo, na nimekaa kwenye kamati za harusi za ukoo wetu kwa muda mrefu. Kaka wa Mbale amesema vema kuhusu mdundo. Mimi nataka kuzungumzia maneno, kwa maana sisi tunaoelewa Kiswahili tunasikia mambo ambayo wenzetu wengi ukumbini hawayasikii.

Uganda watu wengi hucheza nyimbo za Kiswahili na Kilingala kwa utamu wa gitaa tu. Basi utakuta keki inakatwa huku Malaika unapigwa. Wimbo ule ulivumishwa na Fadhili William wa Kenya, na baadaye Miriam Makeba akaupeleka duniani, nao ni mzuri mno. Lakini anayeimba ni mwanamume anayelia kwamba anampenda msichana na hawezi kumwoa kwa sababu hana mali. Unawaimbiaje hivyo watu waliokwisha kulipa mahari jana? Kasongo wa Orchestra Super Mazembe ni mke anayemsihi mumewe arudi nyumbani. Sina Makosa wa Les Wanyika ni mtu anayejitetea katika ugomvi, akimkumbusha mwenzake kwamba kila mmoja ana wake nyumbani. Mario wa Franco, wa mwaka 1985, ni habari za kijana anayelelewa na mwanamke mwenye fedha aliyemzidi umri. Na niliwahi kusikia, kwa masikio yangu, mpiga muziki akiweka Walumbe Zaaya wa Paul Kafeero wakati wageni wanapokea chakula cha harusi. Walumbe ni kifo! Wazee wa Kiganda waliokuwapo waliweka vijiko chini.

Sisemi zote hizo zipigwe marufuku. Sina Makosa ukiupiga saa 3:00 usiku, watu wamekwisha kuchangamka, hakuna atakayekasirika, kwa kuwa umekuwa wimbo wa furaha ya wote. Ninachosema ni kwamba zipo nyakati nne ambazo maneno ya wimbo yana uzito: maharusi wanapoingia, wanapokata keki, wanapocheza wawili peke yao, na wazazi wanapopewa keki yao. Nyakati hizo tafuta wimbo ambao maneno yake unaweza kuyasimamia. Kwa wazazi, mimi hupenda Vulindlela wa marehemu Brenda Fassie, uliotoka mwaka 1997, kwa sababu ndani yake mzazi anafurahi kwamba mwanawe anaoa leo. Wachache wanajua Kizulu hapa kwetu, lakini wimbo wenyewe unasema jambo linalotendeka. Kwa maharusi wawili, Usiende Mbali wa Juliana Kanyomozi na Bushoke una utulivu unaotosha, na ni wimbo wa Mganda na Mtanzania, ambao watu wa kwetu wanaufahamu.

Jambo la mwisho kwa upande wangu. Ukiwa na wageni Waislamu, na Jinja huwezi kuwakosa, mwambie mpiga muziki mapema kwamba adhana ya isha ikisikika, muziki unazimwa mpaka iishe. Usingoje siku yenyewe ndipo mtu akimbie kwenye mitambo akipunga mkono. Kwenye harusi zetu Bombo, akina mama wakiwa wamevaa gurbaba, vazi letu la Kinubi, na ngoma yetu ya doluka imepamba moto, ngoma hunyamaza kwa adhana bila mtu kuambiwa, na baadaye hurudi na nguvu zaidi.

Mchangiaji, Kampala

Nawaheshimu wakubwa walionitangulia, lakini naomba nitetee upande wa vijana kwa sababu nami hupiga muziki, na nimeona harusi zikifa kwa zilipendwa kama vile nyingine zinavyokufa kwa amapiano. Ni kweli kwamba wazee wana muda mfupi. Lakini maharusi wenyewe ni vijana, na ukifika saa 3:00 usiku bado hujagusa muziki wao, rafiki zao watakuwa nje kwenye maegesho wakicheza muziki wa magari. Kuwarudisha ndani ni vigumu.

Pia watu hawaielewi amapiano. Hujengwa taratibu, sauti moja baada ya nyingine, na ngoma yake nzito huja imechelewa makusudi. Ukiipiga kwa vipande vya dakika moja moja, kama wengi wanavyofanya ili kuonyesha kwamba wana nyimbo nyingi, unawapa watu kichwa cha samaki bila mwili. Mpe kijana dakika 25 mfululizo za amapiano iliyopangwa vizuri, na ataridhika kuliko ukimpa saa mbili za vipandevipande.

Njia ninayotumia mimi ni watoto. Baada ya kipindi cha wazee naweka Sitya Loss wa Eddy Kenzo, wa mwaka 2014, ambao video yake ilichezwa na watoto wa Kampala na kuifikisha dansi yao mbali sana. Watoto wa ukumbi mzima hukimbilia katikati, wazee hubaki uwanjani kuwashangilia na kuwatuza, na vijana huja kuwapiga picha. Kabla wimbo haujaisha, vizazi vyote vimesimama mahali pamoja, nami hapo ndipo ninapobadilisha.

Mchangiaji, Mbale

Kijana wangu wa Kampala, hilo la watoto nalichukua na nitalitumia, tena nakushukuru. Hilo la dakika 25 mfululizo pia nalikubali. Nisichokubali ni kwamba saa 3:00 ni kuchelewa. Ukumbi wa ndugu yetu ni wao hadi saa 6:00. Vijana wakianza saa 3:00 wana saa tatu kamili, ilhali wazee hawakupata hata mbili.

Mwanzisha uzi, Jinja

Nimesoma kila neno, na mama yangu nimemsomea sehemu ya dada wa Bombo mara mbili. Malaika nimeuondoa. Nimeketi na shangazi wa bibi harusi kwa simu kwa muda wa saa nzima, tukapitia majina yao yote, na nimegundua kwamba basi litalala Jinja, jambo ambalo hakuna mtu katika kamati alikuwa amelijua.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Kwanza, shangazi yetu wa keki ameokoka na amesema wazi kwamba hatakaa ukumbini ukipigwa muziki wa kidunia. Pili, mtu wa mitambo ananiambia ataleta spika kubwa nane na kuzipanga zote mbele. Ni sawa?

Mchangiaji, Mbarara

Ndugu, mimi ni fundi mitambo, nami ni Mnyankole, kwa hiyo nitajibu la spika na kuongeza moja la kwetu.

Spika nane mbele ni kosa. Ili meza ya nyuma isikie, atalazimika kuiumiza meza ya mbele, na katika harusi zetu meza ya mbele ndiyo ya wazee. Mwambie azigawe: mbili kubwa kwenye uwanja wa dansi zikitazama wachezaji, na nyingine ndogo pembeni katikati ya ukumbi na nyuma, kila moja kwa sauti ya chini. Meza za wazee ziwekwe mahali ambapo hakuna spika inayozitazama uso kwa uso. Kisha wewe mwenyewe, siku ya Ijumaa, nenda ukaketi kwenye kiti cha nyanya yako wimbo ukipigwa. Ukilazimika kuinamia jirani na kupaza sauti ili akusikie, ishushwe. Kumbuka pia kwamba kanuni za kelele za nchi yetu huhesabu usiku kuanzia saa 4:00, na kiwango kinachoruhusiwa karibu na makazi hushuka sana. Baada ya saa hiyo fungeni milango ya upande wa nyumba za watu na mpunguze besi, kwa sababu besi ndiyo inayosafiri.

Kuhusu shangazi aliyeokoka, nyimbo za injili zenye mdundo wa kuchezeka Uganda hazikosekani. Judith Babirye na Mchungaji Wilson Bugembe peke yao wanatosha kwa kipindi cha chakula na cha keki, ambacho ndicho chake. Mwelezeni mapema kwamba kipindi chake kinaanza saa fulani na kwisha saa fulani, ili akiondoka aondoke kwa heshima, ameshacheza.

La kwetu ni hili. Wazee wa Ankole wakifurahi, mmoja wao anaweza kusimama na kutoa ebyevugo, yaani majigambo ya kishujaa yanayotamkwa kwa kasi bila kuvuta pumzi. Wapiga muziki wasiojua hudhani ni hotuba inayorefuka, wakaanza kuweka muziki chini yake. Tafadhali, akisimama mzee, mitambo inyamaze kabisa. Hicho nacho ni burudani, na ndicho watakachokumbuka wakifika nyumbani.

Mwanzisha uzi, Jinja

MREJESHO

Ndugu zangu, harusi imepita Jumamosi, na nimengoja niamke vizuri ndipo niandike, kwa sababu mna haki ya kujua yalivyokwenda.

Kadodi tuliwaweka getini kama mlivyoshauri. Maharusi wakashuka garini, ngoma zikawapokea barabarani, na wageni waliokuwa wamekwisha kuketi ndani wakatoka wenyewe kuja kuwaingiza. Muda mfupi baadaye, kabla ya hotuba ya kwanza, umeme ukakatika. Jenereta ilichukua karibu dakika 20 kuwaka, nao wale vijana wa kadodi, waliokuwa wanakunywa soda nyuma ya ukumbi, wakazivaa ngoma zao tena bila kuitwa na kupiga gizani mpaka taa ziliporudi. Tulikuwa tumebishana katika kamati kama tuwalipe wapigaji hai au tuweke rekodi. Sasa hakuna anayebishana.

Shangazi alicheza injili yake mpaka viatu akavivua, akapeleka keki kwa wazazi, kisha akaaga kwa amani. Mzee mmoja wa Mbarara alisimama kutoa ebyevugo. Nilimtazama fundi, akazima kila kitu, na watu 300 wakanyamaza kumsikiliza. Mara baada yake akina mama wa Kinyankole wakaingia uwanjani na ekitaguriro, mikono juu, na baba yangu Mgisu akajaribu kuinua yake. Hakuipatia, nao walimpenda kwa sababu hiyo. Watoto walituvusha kwenda kwa vijana saa 3:10, kama kaka wa Kampala alivyoeleza, na dakika zake 25 za amapiano nilizilinda hata mjomba mmoja alipokuja kunisihi nirudishe rumba.

Dada wa Bombo, lako nimeliacha la mwisho. Wakati wa zilipendwa, mama alimwinua nyanya, akacheza Afrigo taratibu ameshikwa kiwiko, akapumzika, akacheza tena kwenye sebene zaidi ya nilivyotarajia. Alipoketi aliniita kwa kidole. Akaniuliza kwa nini Malaika haujapigwa. Nikamweleza kama ulivyotueleza, kwamba ni wimbo wa mtu asiyeweza kuoa. Akaniambia anajua. Babu yetu alichelewa miaka miwili kumwoa kwa sababu ng'ombe walikuwa hawajatimia, na katika miaka hiyo miwili alikuwa akipita na baiskeli karibu na kwao jioni akiuimba wimbo huo, naye akiwa ndani ya jiko akiusikiliza. Sisi wajukuu hatukuwahi kuisikia habari hiyo.

Nilikwenda kwa mpiga muziki. Ukapigwa saa 2:40, nyanya akiwa amesimama peke yake katikati na mdogo wangu aliyevaa suti ya harusi amemshika mikono yote miwili, na waliokuwa wanajua maneno wakaimba. Aliondoka saa 3:30, kwa hiari yake, baada ya kuwatuza watoto noti zote alizokuwa amezifunga kwenye mshipi wa gomesi.

Jana amepiga simu kutoka Busia akitaka kujua kama wimbo ule unaweza kuwekwa kwenye simu yake ndogo ya vitufe. Fundi ameniuzia kadi ya kumbukumbu inayoingia humo, nami nampelekea Jumamosi.